Ukinipita Sawa Tu

"Mama, zima! Zima huo moto upesi!"

Mama Stella aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria la wali akidhani kanga yake imeshika moto. Haikuwa kanga. Msichana mrefu, aliyevaa koti la blanketi la kijivu lenye kola ya kitenge cha njano, alikuwa ameshachuchumaa mbele ya mafiga akichomoa ubao uliokuwa ukiungua upande mmoja. Aliugalagaza mavumbini, akaupigapiga kwa soli ya kiatu mpaka moshi ukapungua. Madereva waliokuwa wakila kwenye benchi walisimamisha vijiko.

"We binti, una nini? Hizo ni kuni."

"Zina maandishi, mama."

"Na maandishi yanaungua vizuri tu. Mwaka wa tatu huu napikia maandishi."

Madereva wakaangua kicheko. Maegesho ya malori ya Makambako hayanyamazi: honi, jenereta za mafundi wa kuchomelea, wauza soksi, na upepo ule wa Makambako unaopeperusha mavumbi na vifuniko vya masufuria. Lakini msichana hakusikia chochote. Alikuwa akifuta majivu kwa kiganja. Herufi nyekundu zenye kivuli cheupe zilijitokeza moja moja: UKINIPITA SAWA TU. Baada ya hapo ulikuwa mkaa.

"Halafu?" aliuliza, hajui anamwuliza nani. "Ukinipita sawa tu, halafu nini?"

"Tutaonana mizani," sauti ikajibu nyuma yake.

Aliyetembea barabara ile anajua. Nenda kasi utakavyo, pita wenzako wote kwenye kona, mbele kuna mizani ya kupimia malori, na pale mwenye mbio na mwenye kujikokota husimama foleni moja. Msichana alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akageuka.

Kijana aliyesimama pale alikuwa na ovaroli lililopigwa rangi zote za duniani, burashi mbili zimechomekwa sikioni, kifua mbele kama mwenye malori yote yale. Jina lake Halfan. Baba yake alifika Makambako akiendesha lori kutoka Kondoa, gari likaharibika, akakaa wiki ya kwanza, kisha akakaa maisha. Halfan alimaliza kidato cha nne, akajifundisha kuchora herufi kwa kutazama, na kutunga kwa kuhesabu silabi vidoleni, nane huku na nane kule. Hakuwa na mwalimu, na alipenda watu wajue kwamba hakuwa na mwalimu.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Mimi."

"Kazi yako inapikiwa wali, na wewe unacheka?"

"Lori likibadilishwa bodi, mbao za zamani zinatupwa. Ningefanyaje, nizizike na sanda?"

"Na jina lako liko wapi?"

"La nini?"

"La aliyeandika!"

Halfan alivuta kidevu. "Dada, ubao ni wa mwenye lori. Jina la mwenye lori linakaa mlangoni, la dereva linakaa juu ya kioo. Fundi akiweka la kwake, amepanda gari la watu bila nauli. Hiyo ndiyo kanuni yetu."

"Kanuni mbaya."

"Ni nzuri kwa mtu anayejua kazi yake. Asiyejua ndiye anayehitaji jina."

Msichana alimtazama kama anampima mabega. Na kweli alikuwa akimpima, ndiyo tabia ya mafundi cherehani. Aliubana ule ubao ulioungua kwapani, akachukua mzigo wake wa blanketi, akaelekea kwenye magari ya Njombe.

"Ubao wangu huo unakwenda wapi?"

"Umesema si wako!"

Mama Stella alitikisa mwiko. "Halfan, mkimbilie huyo. Mwanamke anayetia mkono motoni kwa ajili ya herufi zako hutampata mwingine."

Alimkimbilia.

*

Aliitwa Tabea. Alikuwa na duka dogo Njombe mjini, kando ya barabara ya Songea, yeye na mwenzake Telesia na vyerehani viwili. Alishona makoti ya blanketi, yenye bitana na mifuko ya kitenge, kwa mji ambao ukungu hukaa barabarani mpaka saa nne asubuhi. Makambako alikuja kununua blanketi kwa wafanyabiashara wa jumla. Baada ya siku ile blanketi zilianza kumwishia haraka sana.

Siku ambazo blanketi hazikuisha, walipigiana simu.

"Kamwene," Halfan alikuwa akianza kwa salamu ya Kibena, na lafudhi yake ilimchekesha Tabea kabla hajaitikia.

"Kamwene, mkaka wa rangi. Umekula?"

"Nimekula wali uliopikwa kwa ubeti wangu wa juzi. Umeungua kidogo."

"Wali au ubeti?"

"Vyote viwili. Nakosa mtu wa kuzima moto, mpenzi wangu."

"Muongo wewe!"

"Basi njoo unikamate."

Asubuhi moja ya Juni, Tabea alikuwa mashineni, ukungu umelala hadi kwenye kizingiti, aliposikia honi tatu ndefu. Lilikuwa Fuso la Musa, dereva aliyepandisha saruji Njombe na kurudi na viazi mara tatu kwa wiki. Musa alipunguza mwendo mbele ya duka, akapita. Nyuma ya lori, kwa herufi nyeupe juu ya bluu, iliandikwa:

*Baridi ya Njombe kali, ila koti lake joto;*
*Mimi ni mtu wa mbali, kwake ninaota moto.*

Tabea aliacha sindano ndani ya kitambaa. Telesia alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Lori likamezwa na ukungu, lakini yale maneno yalibaki machoni mwa Tabea.

"Halfan! Mji mzima umesoma!" alipiga kelele kwenye simu.

"Wamesoma nini? Jina lako lipo?"

"Koti lipo!"

"Njombe wanaovaa makoti wako wangapi?"

"Nitakuua wewe. Yatakaa muda gani?"

"Kadiri nitakavyokaa mimi. Sikiliza, Tabea. Musa anapita hapo kwako mara tatu kwa wiki. Siku utakayoona Fuso limepita bila maneno yako, ujue sikutaki tena."

"Usiseme hivyo."

"Nasema kwa sababu haitatokea."

Kiburi hicho. Alikirusha kama mtu anavyorusha kofia juu, hakutazama kitaangukia wapi. Na Tabea, ambaye alikuwa mtu wa kushika neno, alilishika neno hilo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikaa dirishani mpaka Fuso lipite.

Mambo ya nyumbani hayakuwa mepesi. Baba yake Tabea, Mzee Sadock, alikuwa mzee wa usharika, na kila alipomsikia binti yake anasema "Kamwene" kwenye simu na kucheka, alikohoa. Mama yake Halfan aliuliza kila Ijumaa kama huyo binti wa Kibena atasilimu. Wao wenyewe walikuwa hawajaamua. Walikubaliana jambo moja tu: chochote watakachoamua, watakiamua wakiwa wawili.

*

Mwezi wa nane alifika Jasmine kutoka Dar es Salaam, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa na viatu visivyofaa matope ya Njombe. Alikuwa akiandaa maonyesho ya sanaa na ubunifu katika godauni la zamani, na alikuwa amesikia habari za makoti. Aliyajaribu matatu. La nne lilikuwa bado mkononi mwake alipouona ubao ulioungua, umetundikwa ukutani juu ya cherehani.

"Hiki ni nini?"

Tabea alimsimulia kwa saa nzima. Kesho yake alikuwa Makambako, anaongea kabla hajashuka vizuri kwenye gari.

"Wanataka makoti yangu na mbao zako! Siku nne Dar, Halfan. Twende wote!"

"Dar?" Halfan alikuwa juu ya ngazi, anachora tai kwenye mlango wa lori. "Kufanya nini?"

"Watu waone kazi yako."

"Kazi yangu inaonwa kutoka Tunduma mpaka Songea. Wakitaka kuiona na wao wasimame barabarani."

"Acha maringo. Utasimama pale, watakuuliza maswali."

"Niulizwe maswali na watu wanaokunywa juisi? Mimi siwekwi ukutani." Alishuka, akaona uso wake, akalainika. "Chukua mbao, laazizi. Ziko saba kule nyuma Mama Stella hajazila bado. Zako hizo, nakupa."

"Basi nitaandika jina lako chini."

"Usiandike."

"Hata huko?"

"Kanuni haina huko wala huku. Umeandika jina langu, umenivunjia heshima. Niahidi."

"Wewe mtu una kichwa kigumu."

"Niahidi, Tabea."

Akaahidi.

*

Godauni lilikuwa maeneo ya viwanda, paa la bati, joto la kuchemsha maji. Tabea alikuwa amevaa kizibao chake cha blanketi juu ya gauni jepesi la kitenge, jasho likimtiririka mgongoni, na hakukubali kukivua. Alitazama kila kitu mdomo wazi. Kulikuwa na viti vilivyosukwa kwa matairi, na magauni yaliyoshonwa kwa mifuko ya saruji, yakipita juu ya wasichana wanaotembea kama twiga. Mwanamke mmoja aliketi kimya tangu asubuhi, na kila mgeni alimfunga uzi mwekundu mahali apendapo, hata saa nane mchana alikuwa haonekani tena, amebaki macho tu.

Lakini watu wengi walikusanyika kwenye ukuta wa mbao za malori. Walisoma kwa sauti, wakacheka, wakasoma tena. Mbele ya ule ulioungua walinyamaza. Kisha mmoja akauliza kama yeye alivyouliza: "Halafu? Ukinipita sawa tu, halafu nini?"

"Tutaonana mizani," Tabea alijibu, na kicheko kikapanda mpaka kwenye bati. Alijibu swali hilo siku nzima, koo likakauka.

Chini ya ubao huo kulikuwa na kadi mbili. Ya juu iliandikwa na waandaaji: *Mbao za malori, Makambako. Zimekusanywa na Tabea, Njombe.* Ya chini aliiandika Tabea mwenyewe kwa kalamu, kwa mwandiko wa shule: *Aliyetunga na kuchora maneno haya yupo hai na ni hodari. Ameniomba nisimtaje jina kwa sababu ubao ni wa mwenye lori. Ukitaka habari zake niulize mimi, nitakusimulia mpaka uchoke.*

Mtu fulani alipiga picha akairusha mtandaoni. Ilienda haraka, kwa maana ilikuwa picha nzuri. Ilionyesha ubao wote na kadi ya juu. Kadi ya chini ilikuwa imekatwa.

Ijumaa, Musa aliingia kwa Halfan akikimbia, simu mkononi. "Fundi! Uko Dar! Tazama, uko Dar!"

Halfan aliifuta mikono, akaichukua simu. Aliona herufi zake. Moyo ulimruka kwa furaha ambayo hakuitarajia. Kisha akasoma kadi. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitafuta kona hadi kona. *Tabea, Njombe.* Akarudisha simu.

"Vipi?" Musa alishangaa. "Si ulisema hutaki jina?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa nini? Nenda ukapakie saruji."

Mtu anaweza kukataa kitu miaka sita kwa sauti kubwa, na asijue kwamba anakitaka mpaka siku anapokiona mahali kingekaa, na pako patupu. Halfan hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba kifua kinamwuma, na kwamba ni lazima kuwe na wa kulaumiwa. Akatafuta sababu, akaipata karibu: binti wa mzee wa usharika ameona haya. Amesimama mbele ya watu wa maana, akaona aibu kusema kazi hii ni ya Halfan, Mwislamu wa kwenye malori.

Simu ikalia. Ni yeye.

"Kipenzi changu! Hunisikii? Kuna ngoma hapa! Watu wamejaa ukutani kwako!"

"Kwangu au kwako?"

"Nini? Sema kwa sauti!"

"Nasema hongera, mkusanyaji."

Tabea alicheka, akidhani ni utani wao wa siku zote. "Asante, mchoraji! Nina habari nyingine kubwa, nitakwambia uso kwa uso. Halfan, na Fuso? Maneno yangu bado yapo?"

Halfan alichovya burashi kwenye kopo.

"Utayaona mwenyewe," alisema, akakata.

Jumamosi asubuhi Fuso la Musa lilikuja kuoshwa. Halfan hakuuliza mtu. Alisugua kwa msasa, akafungua kopo la kijani, akapaka nyuma nzima kutoka kona hadi kona. Mama Stella alitoka na mwiko wake mkononi.

"Halfan, unafanya nini? Hayo si ya yule binti?"

"Ubao ni wa mwenye lori."

"Nimekuuliza jingine."

Upepo ulikausha rangi haraka kuliko kawaida.

*

Jumanne basi la Tabea lilisimama Makambako dakika ishirini. Alishuka mbiombio na furushi lililofungwa kwa kamba ya sufu, akaenda mpaka kwenye karakana. Halfan alikuwa amemwona kwa mbali. Alikaa nyuma ya tangi la maji mpaka sauti yake iliposita kuita.

"Ametoka?" Tabea alimwuliza Mama Stella.

Mama Stella alitazama tangi, akatazama chini. "Sijui alikokwenda, mwanangu."

"Basi mpe hili. Mwambie alifungue leo leo."

Basi lilipoondoka, Mama Stella alilitupa furushi miguuni pa Halfan. "Fungua."

"Nitafungua."

"Sasa hivi."

"Mama, nimesema nitafungua!" Akalisukuma nyuma ya makopo ya rangi.

Habari kubwa aliyokuwa nayo Tabea ilikuwa hii: Jasmine alimpa nafasi katika karakana yake ya ubunifu Dar, miaka mitatu, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Tabea alikuwa ameshaamua ndani ya basi. Atamwomba Halfan waende wote, na akikataa, atabaki. Alitaka tu kumsikia.

Alimpigia Jumanne, haikupokelewa. Jumatano asubuhi alipiga tena, hola. Akakaa dirishani. Telesia alisimamisha cherehani ili wasikie vizuri. Saa tatu ukungu ulikuwa bado mzito, na honi haikupigwa hata moja. Fuso lilitokea ghafla, likapita mbele ya duka kwa kasi, Musa akitazama mbele tu kama mtu anayepita msibani kwa watu asiowajua.

Nyuma ya lori hapakuwa na neno. Kijani kitupu, kinang'aa.

Tabea alisimama, mkasi ukaanguka.

"Labda amebadilisha rangi tu," Telesia alisema. "Labda ataandika mengine. Tabea? Mpigie."

"Alisema yeye mwenyewe." Alikaa chini polepole. "Alisema siku nitakapoona."

Ijumaa alisubiri tena, maana moyo una ujinga wake. Kijani. Saa sita mchana alimpigia Jasmine, akasema nakuja.

*

Jumapili upepo uliangusha makopo ya rangi, na furushi likaonekana. Labda Halfan angelirudisha mahali pake. Lakini Musa alikuwa amekaa kwenye gurudumu, anatafuna muwa, akasema bila kumtazama: "Lile duka wamebandika tangazo. Fundi anahamia Dar. Anaondoka kesho."

Halfan alikata kamba kwa meno.

Ndani kulikuwa na koti. Blanketi nyeusi, bitana ya kitenge chenye rangi kama ovaroli lake: nyekundu, njano, bluu, zote. Mabega yalikuwa yake hasa, yamepimwa kwa macho. Mfukoni kulikuwa na kadi yenye tundu la msumari juu. Alisoma mwandiko wa shule. *Yupo hai na ni hodari. Ameniomba nisimtaje.* Akairudia. Aliporudia mara ya tatu alikuwa amekaa mavumbini, na Musa ameacha kutafuna.

Alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ilipokelewa na Telesia.

"Hawezi kuongea. Ana mkataba wa miaka mitatu Dar. Anasema basi lake litapita Makambako kesho saa mbili."

*

Alifika stendi saa kumi na mbili, amevaa koti. Basi liliposimama alikwenda dirisha kwa dirisha mpaka akamwona. Tabea alikuwa amevaa lile la kijivu la siku ya kwanza. Alishuka, wakasimama kati ya wauza mahindi na wauza maji.

"Limekukaa," Tabea alisema.

"Lina joto."

"Nilijua."

"Tabea, nimekosea. Niliona picha, kadi yako imekatwa. Nikadhani umenionea aibu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikasirika."

"Kwa sababu sikuandika jina ulilonikataza nisiandike. Uliniapisha, Halfan."

"Najua. Nilidhani silitaki. Kumbe nalitaka. Nimelijua jana, niliposoma kadi yako."

"Ungeniambia ningeliandika kubwa kuliko mlango wa godauni."

"Nitayaandika tena maneno yako, leo hii. Musa yuko pale, rangi ninayo. Ukibaki, jioni utayaona."

Tabea alitazama upande wa malori. Macho yalijaa, lakini sauti haikutetemeka.

"Yaandike, ni mazuri. Lakini mimi sitakaa tena dirishani kungoja lori linipe habari kama napendwa. Ulinifuta asubuhi moja, Halfan. Hukuuliza swali hata moja. Nilikaa nikajiuliza, je, tungekuwa na nyumba? Na watoto? Siku ukikasirika ungefuta nini?"

"Sitafuta tena."

"Unasema kwa sababu haitatokea?"

Yalikuwa maneno yake.

"Baki tu, mpenzi. Mkataba unavunjwa."

"Na wetu ulikuwa mkataba."

Kondakta alipiga bati kwa kiganja. "Dar, Dar! Abiria wa Dar panda!"

Tabea alinyoosha mkono, akakifunga kifungo cha juu cha lile koti, kwa makini, kama fundi anayekabidhi kazi. Alipanda. Kutoka dirishani alijaribu kutabasamu.

"Ukinipita sawa tu," alisema.

Halfan alifungua kinywa amalizie. Basi lilikata kona likielekea mizani.

*

Aliandika siku hiyo hiyo juu ya kile kijani, herufi nyeupe zisizo na kivuli:

*Nilifuta kwa hasira, rangi mpya ikashika;*
*Leo hata nikichora, msomaji kaondoka.*

Chini yake, kwenye kona, akaandika kitu ambacho hakuwahi kukiandika maisha yake yote: *Halfan, Makambako.*

Musa alizunguka nyuma, akasoma, akakuna kichwa. "Leo fundi umepanda gari la watu bila nauli?"

"Nauli nimelipa," Halfan alisema, akaanza kuosha burashi.

Jumatano Fuso lilipita Njombe. Telesia alikuwa dirishani peke yake. Alitoka mbio barabarani, akapiga picha kabla ukungu haujalimeza lori, akaituma bila maneno.

Dar kulikuwa na joto. Koti la kijivu lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, halina kazi. Tabea aliifungua picha, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama ile kona kwa muda mrefu. Kisha akachukua kadi mpya mezani na kalamu nene. Zile mbao saba na ule ubao ulioungua, Jasmine alikuwa amezitundika kwenye ukuta wa karakana, mahali wageni wanapoingilia.

"Si ulisema hataki jina?" Jasmine aliuliza.

"Sasa anataka."

Aliandika: *Mtunzi na mchoraji: Halfan, Makambako.* Akapigilia kadi chini ya ubao ulioungua, akaisawazisha kwa kidole mpaka ikanyooka.

Mgeni mmoja, kijana mwenye mkoba mgongoni, alisimama karibu yake akisoma kwa sauti. Alifika kwenye mkaa, akasita.

"Halafu, dada? Ukinipita sawa tu, halafu nini?"

Tabea alikuwa ameshalijibu swali hilo mara zisizohesabika. Aliinama akaokota misumari iliyoanguka, mmoja mmoja, akajifanya hakusikia.